UDP si mhuni: acheni kupeleka salamu za Kibokoni hadi Ulaya

Leo sina habari ya simu mpya wala toleo jipya la Linux. Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na waandika programu wenzangu, hasa sisi wa pwani hii. Tumezoea tabia moja hadi imekuwa kama sheria: kila ujumbe, hata wa mtu na jirani yake wa ukuta kwa ukuta, lazima kwanza uende kwenye seva iliyo ng'ambo ndipo urudi. Ukiuliza mbona vifaa viwili visizungumze moja kwa moja kwa UDP, unajibiwa kwa maneno mawili tu, tena kwa dharau: "UDP haiaminiki." Basi, mjadala umefungwa!

Mimi nasema haujafungwa.

Hebu chukua mkahawa mdogo pale Ndia Kuu, Mji wa Kale. Mhudumu ana tableti, jikoni kuna tableti ya pili, na zote mbili zimeshika Wi-Fi ya ruta moja. Kutoka mezani hadi jikoni ni hatua 10. Mteja anaagiza biriani ya kuku na maji ya ukwaju. Mhudumu anabonyeza. Agizo linatoka kwenye tableti, linapita kwenye ruta, linaingia kebo ya baharini, linafika Frankfurt au Dublin, linaandikwa kwenye hifadhidata ya kukodi, kisha linarudi njia yote ile hadi kwenye ruta ile ile, ili jikoni wajue kwamba hapo hatua 10 kuna mtu ana njaa.

Kutoka Mombasa hadi Frankfurt ni zaidi ya kilomita 6,000 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya kioo cha faiba huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi ni milisekunde 60 kabla hujahesabu ruta za njiani, na kabla hujakumbuka kwamba kebo ya baharini haiendi kwa mstari ulionyooka. Lakini kasi siyo hoja yangu kubwa. Biriani haichachi kwa milisekunde 200. Hoja yangu ni hii: siku intaneti ikikatika, mkahawa ule unakuwa bubu. Umeme upo, ruta inawaka, Wi-Fi ipo, tableti zina chaji. Lakini vifaa viwili vilivyo ndani ya nyumba moja haviwezi kuambiana "biriani moja", kwa sababu mtu mmoja aliyeandika programu aliamua kwamba haviwezi kuzungumza bila mkalimani aliye Ulaya.

Na intaneti hukatika, tena kwa vishindo. Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandari ya Mombasa ilitia nanga mahali isiporuhusiwa, nanga ikaikata kebo ya TEAMS hapa hapa kwetu. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za SEACOM na EASSy zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Kenya, Tanzania, Uganda na jirani zao wakahangaika kwa siku kadhaa. Fikiria hilo: waya umekatika karibu na Afrika Kusini, na mpishi wa Ndia Kuu hapati agizo la meza ya tatu. Nani aliyechora mchoro huu? Siyo bahari. Ni sisi.

Wahandisi waliurudisha nyumbani, sisi tukauhamisha

Kwa wale ambao hawakuwa kwenye mambo haya wakati ule, nawakumbusha historia kidogo. Kabla ya Novemba 2000, ukituma barua pepe kutoka kampuni moja ya intaneti Nairobi kwenda kampuni nyingine iliyo mtaa wa pili, barua ile ilipanda setilaiti, ikavuka bahari, ikarudi kwa setilaiti. Safari ilichukua zaidi ya sekunde nzima na ililipiwa kwa dola. Watoa huduma wakaungana chini ya chama chao cha TESPOK wakaanzisha KIXP, kituo cha kubadilishana trafiki ya ndani. Telkom Kenya, ambayo wakati huo ilikuwa na ukiritimba wa njia za kimataifa, ikalalamika kwa mdhibiti, na kabla mwaka huo haujaisha kituo kikafungwa kwa amri. Watu hawakukata tamaa. Walibishana, waliandika, walieleza kwamba hawauzi njia ya kimataifa, wanazuia tu safari isiyo na maana. Februari 2002 KIXP ikafunguliwa tena, na ile safari ya zaidi ya sekunde moja ikashuka hadi milisekunde kadhaa kumi. Baadaye Mombasa nayo ikapata kituo chake.

Halafu zikaja kebo, na zote zilipandia kwetu pwani: SEACOM na TEAMS mwaka 2009, EASSy 2010, LION2 mwaka 2012. Ripoti ya Internet Society ya mwaka 2020 ilieleza kwamba sehemu ya trafiki ya Kenya inayopatikana ndani ya nchi ilipanda kutoka kama asilimia 30 mwaka 2012 hadi kama asilimia 70. Habari njema, sivyo? Lakini tazama kwa makini ni nini kilichosogea. Kwa sehemu kubwa ni maghala ya kampuni kubwa za nje, za video na mitandao ya kijamii, yaliyowekwa karibu na sisi ili tutazame haraka. Yaani wageni wameona faida ya kusogea hadi mlangoni kwetu, na sisi wenyeji, tulio na kebo nyingi hivyo chini ya miguu yetu, tunafunga virago vya kila ujumbe wetu tunavipeleka kwao!

Wahandisi wa mitandao walipigana ili pakiti ya kutoka Mombasa kwenda Mombasa isitoke nje ya nchi. Waandika programu tukaja kuitoa tena, kwa hiari, bila mdhibiti kutuamuru. Sababu? Mafunzo tuliyosomea yalianza na seva ya kukodi, basi na sisi tukaanza na seva ya kukodi. Fimbo ya mbali haiui nyoka, wazee walishasema.

UDP ni kitu gani hasa

Waraka unaoieleza UDP ni RFC 768 wa Agosti 1980, ulioandikwa na Jon Postel. Ni kurasa tatu tu. Ninawasihi muusome, kwa sababu wengi wanaoitukana UDP hawajawahi kuufungua. Kichwa cha pakiti ya UDP ni baiti 8: poti ya mtumaji, poti ya mpokeaji, urefu, na hesabu ya kukagua kama data imeharibika njiani. Basi. Kichwa cha TCP hakipungui baiti 20, na kabla ya kusema lolote ni lazima pande mbili zisalimiane kwanza. UDP haina salamu. Unaandika, unatuma.

Ni kama kutuma mzigo kwa basi kwenda Malindi. Humuulizi dereva kila kituo amefika wapi. Unampa, unaondoka, kisha unampigia simu mwenzako: "Umepata?" Akisema ndiyo, yameisha. Ukiona kimya, unafuatilia. Hakuna mtu anayesema mzigo wa basi "hauaminiki" na kwamba kwa hiyo lazima upitie Dubai. Tunachojua ni kwamba kuuliza "umepata?" ni kazi yetu, siyo ya dereva.

Na hivi ndivyo inavyoandikwa kwa Python, kutuma na kupokea, mistari minne:

s = socket.socket(socket.AF_INET, socket.SOCK_DGRAM)
s.bind(("", 5005))
s.sendto(ujumbe, (anwani, 5005))
data, mtumaji = s.recvfrom(2048)

Soketi moja tu inatuma na inapokea. Soketi hiyo hiyo inazungumza na wenza watano au hamsini, na kila pakiti inakuja na anwani ya aliyeituma. Hakuna seva na hakuna mteja, kila mmoja ni mwenza wa mwenzake. Hiyo ndiyo maana halisi ya P2P, na hapo ndipo UDP inapokaa kama mkono kwenye glavu yake... tena glavu ambayo tunayo tangu 1980.

"Haiaminiki": majibu matatu

Jibu la kwanza. Kama UDP haiaminiki, basi huamini chochote unachotumia. Kila jina la tovuti unaloandika hutafutwa kwa DNS, na DNS kwa kawaida husafiri kwa UDP. Saa ya kompyuta yako hurekebishwa kwa NTP, nayo ni UDP. Simu za sauti na video za mtandaoni, sehemu kubwa ni UDP. Skype ilianza mwaka 2003 ikipeleka sauti moja kwa moja kati ya kompyuta na kompyuta, na watu wetu wakazungumza na jamaa zao wa Uarabuni kwa miaka bila kuuliza ni protokali gani. (Skype yenyewe ilifungwa Mei 2025, Mungu aiweke pema.) Na mwaka 2021 ikatoka RFC 9000, yaani QUIC, iliyojengwa juu ya UDP, na 2022 HTTP/3 ikajengwa juu ya QUIC. Maana yake kurasa za wavuti zenyewe, zile mnazoziita mfano wa kuaminika, sasa zinasafiri kwa UDP! Waliobaki wakisema "haiaminiki" ni sisi tunaotengeneza programu ya kuagiza biriani.

Jibu la pili, na hili ndilo linalouma. TCP nayo haikuhakikishii kile unachodhani inakuhakikishia. TCP ikisema "imefika", maana yake ni kwamba mfumo wa kompyuta ya pili umezipokea baiti. Haina maana kwamba programu imezisoma. Haina maana kwamba agizo limeonekana kwenye kioo cha jikoni. Programu ikianguka baada ya baiti kufika na kabla ya kuzisoma, wewe umeambiwa "imefika" na mpishi hajui kitu. Saltzer, Reed na Clark walilieleza hili katika makala yao maarufu ya 1984: uhakika wa mwisho unaweza kutolewa na ncha mbili zenyewe tu, siyo na njia iliyo katikati. Na huyo Reed ni David Reed, mmoja wa waliohusika na kubuni UDP. Kwa hiyo hata ukitumia TCP, kama agizo lina maana kwako, ni LAZIMA uandike risiti yako mwenyewe ndani ya programu. Na ukishaandika risiti yako mwenyewe, umeshafanya nusu ya kazi ambayo ulikuwa unaikimbia kwenye UDP.

Jibu la tatu. Kazi yenyewe si kubwa kama mnavyotishana. Hii hapa:

1. Kila ujumbe uupe namba ya mfuatano na kitambulisho cha mtumaji.

2. Mpokeaji akishaushughulikia ujumbe (siyo akishaupokea tu), arudishe risiti yenye namba hiyo.

3. Mtumaji asipoona risiti ndani ya milisekunde 200, atume tena. Kisha asubiri 400, kisha 800, akiongeza maradufu, na kila mara aongeze kijisehemu cha bahati nasibu ili vifaa kumi visipige kelele kwa pamoja. Baada ya mara sita, akubali na amwambie mtumiaji waziwazi: HAIJAFIKA. Siyo ile alama ya kuzunguka zunguka isiyokwisha.

4. Mpokeaji akumbuke namba alizokwishaziona. Risiti nayo inaweza kupotea, mtumaji akatuma tena, na usipokumbuka utapika biriani mbili. Ukiona namba ya zamani, rudisha risiti tena lakini usipike.

5. Pakiti nzima isizidi baiti 1,200 hivi. Kebo za Ethernet hubeba 1,500, lakini njiani kuna mifereji myembamba zaidi, na pakiti ikikatwa vipande, kipande kimoja kikipotea zote zimepotea. QUIC nayo huanza na 1,200 hiyo hiyo. Agizo la chakula ni baiti 100. Ujumbe wa mtu na mwenzake ni baiti 200. Tunaogopa nini?

Mambo matano. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anayaandika kwa siku mbili na kuyajaribu kwa wiki. Kama unataka kutuma faili la megabaiti 500, hapo sikuambii uandike yako, tumia maktaba ya QUIC iliyokwisha kujaribiwa. Lakini ujumbe mfupi? Hapana.

Na kuna ujumbe ambao TCP huuharibu kwa kuukazania. Chukua mwenye tuktuk ishirini anayetaka kuona ziko wapi kati ya Makupa na Kizingo. Kila tuktuk inatuma mahali ilipo kila sekunde 2. Pakiti moja ikipotea, TCP inazuia zote zilizofuata mpaka ile iliyopotea itumwe tena. Yaani mwenye tuktuk anasubiri aambiwe gari lilikuwa wapi zamani, wakati habari mpya iko tayari imekaa kwenye foleni. Kwa UDP iliyopotea imepotea, inayofuata inakuja, na inayofuata ndiyo yenye maana. Mji wa Kale unalijua hili vizuri zaidi kuliko wengi, maana kuta zetu za mawe ya matumbawe ni nene, na Wi-Fi ikivuka kuta mbili huwa inakohoa. Upotevu wa pakiti kwetu ni hali ya kila siku, basi tuandike programu zinazoujua.

"Lakini NAT..."

Hapa wapinzani wangu wanakaa vizuri kwenye baraza na kutabasamu. Wanasema: vifaa vya nyumbani vimejificha nyuma ya ruta, simu zimejificha nyuma ya mtambo wa kampuni ya simu, watu maelfu wanatumia anwani moja ya nje. Utamfikiaje mwenzako?

Kwanza: kwenye mkahawa wetu NAT haipo. Tableti mbili ziko nyuma ya ruta moja. Tangaza kwa wote kwenye mtandao wa ndani, "mimi ni jikoni, niko hapa", na mwenzako atakusikia. Kinachohitajika ni kuhakikisha ruta haijawashwa ule mpangilio wa kutenga vifaa visionane, na kuomba ruhusa inayotakiwa, kwa mfano iPhone tangu iOS 14 ya mwaka 2020 humuuliza mtumiaji kama programu iruhusiwe kufikia mtandao wa ndani. Hapo hakuna udhuru hata mmoja.

Pili: kwa nyumba mbili tofauti, kuna njia inayojulikana tangu zamani, ya kutoboa tundu. Fikiria nyumba mbili, moja Kibokoni na moja Ganjoni, kila moja ina bawabu ambaye humruhusu tu mgeni aliyetafutwa kwanza na mwenye nyumba. Mtu wa tatu anayejulikana na wote anawapa kila mmoja anwani ya mwenzake. Wote wawili wanatuma pakiti kwa wakati mmoja. Kila bawabu anaona bwana wake amemtafuta yule wa pili, kwa hiyo jibu linapokuja anafungua. Mtu wa tatu anaondoka, mazungumzo yanaendelea bila yeye. Bryan Ford na wenzake waliipima njia hii mwaka 2005: karibu asilimia 82 ya vifaa vya NAT walivyojaribu viliikubali kwa UDP, na karibu 64 tu kwa TCP. Tazama hesabu hiyo tena. UDP, ile "isiyoaminika", ndiyo iliyopenya zaidi.

Lipo tatizo la kweli: baadhi ya mitambo ya NAT, hasa ya kampuni za simu, hutoa poti mpya kwa kila unayezungumza naye, na pande zote mbili zikiwa hivyo tundu halitoboki. Hapo unahitaji msaidizi wa kupitisha pakiti. Sawa! Mtumie kwa hao waliokwama, siyo kwa wote. Na usimweke Frankfurt, mweke Nairobi au Mombasa, karibu na kituo cha kubadilishana trafiki. Kumbuka pia bawabu husahau: tundu lisipotumika hufungwa, kwingine baada ya sekunde 30 tu. Tuma pakiti ndogo kila sekunde 25 hivi, kama WireGuard inavyoshauri, na litabaki wazi.

Wanaposema kweli

Siandiki haya kuwauzia dini. Kuna mambo ambayo seva inayafanya vizuri na nitayataja. Simu ya mtu ikiwa imezimwa, UDP haiwezi kumngoja, lazima mahali fulani ujumbe ulazwe mpaka aamke. Hesabu ya pesa inahitaji daftari moja ambalo wote wanalikubali, usiniletee malipo ya P2P ya kujibunia. Simu nyingi pia huzilaza programu ili kuokoa betri, na kuziamsha unahitaji huduma ya Google au Apple. Na mazungumzo ya moja kwa moja humwonyesha mwenzako anwani yako ya IP. Kwa jikoni na mezani hilo si kitu. Kwa mtu asiyemjua aliye upande wa pili ni jambo la kufikiria, ndiyo maana WhatsApp mwaka 2023 iliongeza mpangilio wa kupitisha simu kwenye seva zake kwa anayetaka kuficha anwani yake.

Usalama nao siyo mchezo. Kwa UDP mtu anaweza kuandika anwani ya uongo ya mtumaji, kama barua yenye jina la kughushi. Februari 2018 GitHub ilipigwa kwa mafuriko ya terabiti 1.35 kwa sekunde, kwa kutumia seva za memcached zilizoachwa wazi kwenye UDP: ombi dogo la uongo, jibu kubwa kwa mtu asiye na hatia. Kwa hiyo sheria ni mbili. Usimjibu usiyemthibitisha kwa pakiti kubwa kuliko aliyokutumia. Na kila ujumbe ufungwe kwa usimbaji fiche, kwa maktaba zinazojulikana kama DTLS au libsodium, wala usibuni yako. Lakini haya ni masharti ya kazi, siyo sababu ya kukataa kazi. Fundi wa umeme anaweza kufa kwa umeme, hatujarudi kwenye vibatari.

Kwa hiyo simwambii mtu avunje seva yake. Ninasema seva iwe msaidizi, isiwe mlango pekee. Ujumbe ujaribu njia fupi kwanza: mtandao wa ndani, kisha tundu, kisha msaidizi aliye nchini, na ng'ambo iwe ya mwisho kabisa. Leo tumeigeuza, ya mwisho ndiyo ya kwanza na ndiyo ya pekee.

Jaribio la kuchomoa

Nawapa jaribio moja, halihitaji shahada. Chukua programu yako, iweke kwenye vifaa viwili vilivyo kwenye Wi-Fi moja. Kisha chomoa waya wa intaneti nyuma ya ruta. Usiizime ruta, chomoa tu waya unaotoka nje. Sasa tuma ujumbe kutoka kifaa cha kwanza kwenda cha pili.

Ukifika, hongera, umeandika programu ya watu wa hapa. Usipofika, basi hukuandika programu ya kuwasiliana. Umeandika fomu ya kuomba ruhusa.

Na wewe mwenye mkahawa, mwenye duka la leso Biashara Street, mwenye ofisi ya kutoa mizigo karibu na Kilindini: siku kijana mwenye kompyuta mpya na maneno matamu akija kukuuzia mfumo, usimuulize kama uko kwenye wingu. Mwambie achomoe ule waya mbele yako. Kama agizo la biriani halifiki jikoni, mlipie chai yake, mshukuru kwa kuja, na pesa zako zibaki mfukoni.